Saa Saba Mchana: Kweli na Uongo kuhusu Mwanamichezo Anayesomea Usanifu Majengo

Vijana wa Afrika Mashariki walianza zamani kwenda vyuo vya Marekani kwa nguvu ya miguu yao. Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyetwaa medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980, alikuwa mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso. Paul Ereng wa Kenya alikuwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia aliposhinda dhahabu ya mita 800 Seoul mwaka 1988. Mike Boit, mwenye shaba ya Munich ya 1972, alisoma huko hadi shahada za juu, kisha akarudi kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Njia hiyo imekanyagwa vya kutosha. Njia ambayo bado ina nyasi ni ya kijana anayetaka kukimbia na wakati huohuo asomee usanifu majengo, hasa ule usanifu endelevu unaojali joto, maji, udongo na hewa ya ukaa.

Kijana huyo hupewa ushauri mwingi, na sehemu kubwa ya ushauri huo haina ukweli. Mjomba anamwambia kuchora ni kazi nyepesi. Mwalimu anamwambia achague moja. Kocha anamwambia kila kitu kinawezekana. Nimeyakusanya hapa yale yanayosemwa mara nyingi na kuyapima moja baada ya jingine. Msimamo wangu nautanguliza: ugomvi wa studio, yaani darasa la kusanifia, na uwanja hauhusu akili wala kipaji. Ni ugomvi wa saa, na saa zenyewe zinajulikana. Zinaanza saa saba mchana, zinaisha saa kumi na moja jioni.

"Kanuni zinamlinda mwanafunzi: mazoezi hayazidi saa 20 kwa wiki"

Kwenye karatasi ni kweli. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kimekuwa na kikomo hicho tangu 1991: saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, zisizozidi 4 kwa siku, na siku moja ya mapumziko kila wiki. Nje ya msimu saa zinashuka hadi 8.

Tatizo liko kwenye kinachohesabiwa. Siku ya mashindano huandikwa saa 3, hata kama uliamka alfajiri na kurudi usiku. Safari ya basi au ndege haihesabiwi. Muda wa kukandwa msuli na kutibiwa kifundo cha mguu hauhesabiwi. Mazoezi ya hiari hayahesabiwi pia, na mchezaji anayetaka nafasi kikosini huyafanya kana kwamba ni lazima. NCAA ilipowauliza wanafunzi wenyewe, wale wa Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya mashindano ya vyuo, walitaja zaidi ya saa 30 kwa wiki zinazoliwa na michezo wakati wa msimu.

Kwa vijana wetu kuna jambo zito zaidi, na sielewi kwa nini halisemwi. Mchezaji wa voliboli ana msimu mmoja mkuu. Mkimbiaji wa masafa marefu ana mitatu: mbio za nyika kuanzia Septemba hadi Novemba, mbio za ukumbini hadi Machi, kisha mbio za uwanjani zinazoweza kufika Juni. Ule muda wa nje ya msimu, ambao mwanafunzi mwingine wa usanifu angeutumia kuokoa kazi zake, yeye karibu hanao. Na mashindano ya kanda ya uwanjani huangukia Mei, majuma yaleyale ambayo studio nyingi zinafunga muhula kwa kutetea kazi mbele ya walimu na wageni.

"Usanifu majengo ni kuchora. Mwenye kipaji anamaliza haraka"

Si kweli hata kidogo. Uchunguzi wa kitaifa wa wanafunzi wa vyuo Marekani, ule unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Indiana, uliwahi kuwaonyesha wanafunzi wa usanifu majengo wakiwa juu ya fani zote kwa saa za kujiandaa nje ya darasa: takribani 22 kwa wiki. Walizipita hata fani za sayansi na uhandisi ambazo wazazi huziogopa.

Sababu iko kwenye namna studio inavyofundisha. Kwa kawaida ni somo la krediti 5 au 6, linakutana alasiri tatu kwa wiki, na kila mwanafunzi ana meza yake. Mwalimu hazungumzi mbele ya ubao. Anapita meza hadi meza, anachukua kalamu, anachora juu ya mchoro wako, anakuuliza kwa nini ngazi iko pale na mwanga unatoka wapi. Nusu ya mafunzo unayapata kwa kusikiliza anachoambiwa jirani yako. Ukikosa alasiri hiyo hakuna daftari la kunakili.

Kitabu cha historia kinasomeka ndani ya basi la timu. Hesabu za mihimili zinafanyika hotelini kabla ya mashindano. Modeli ya mbao na kadibodi haibebeki kwenye kiti cha ndege, na mashine ya kukatia iko chuoni. Timu nyingi hufanya mazoezi alasiri hiyohiyo. Basi mwanafunzi anakuwa na mahali pawili pa kuwepo na mwili mmoja, na nidhamu yoyote ile haiwezi kuugawa.

Kuna mtego wa pili. Studio hufuatana kama ngazi: ya tatu haichukuliwi kabla ya ile ya pili, na mara nyingi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Anayeiacha katikati ya muhula anasubiri mwaka mzima. Papo hapo, NCAA inamtaka mchezaji awe na angalau krediti 12 ndipo ashindane, na viza ya mwanafunzi wa kigeni nayo inamtaka awe mwanafunzi wa muda wote. Toa krediti 6 za studio kwenye 15, unabaki na 9. Kwa kulifuta somo moja kijana anaweza kupoteza sifa ya kukimbia na kuiweka viza yake hatarini katika wiki moja.

"Ni lazima umalize shahada na michezo kwa pamoja, ndani ya miaka 5"

Hapana. NAAB, bodi inayothibitisha shule za usanifu Marekani, inatambua njia zaidi ya moja. Kuna shahada ya kwanza ya kitaaluma, ambayo kwa kawaida ni ya miaka 5 na krediti zisizopungua 150. Na kuna njia ya kusoma kwanza shahada ya miaka 4 katika usanifu isiyo ya kitaaluma, kisha shahada ya uzamili iliyothibitishwa. Njia ya pili inamfaa mwanamichezo kuliko inavyotangazwa: miaka 4 ya kwanza unacheza, ile ya uzamili unabaki na studio peke yake. Ningekuwa na mtoto anayekimbia vizuri, hapo ndipo ningeanzia kumshauri. Hasara yake ni fedha, kwa sababu ufadhili wa michezo huenda usiifikie shahada ya uzamili, na hilo lipigiwe hesabu mapema.

Atakayechagua miaka 5 ajue pia kwamba Daraja la Kwanza linamtaka mchezaji awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake mwishoni mwa mwaka wa pili, 60 mwishoni mwa wa tatu na 80 mwishoni mwa wa nne. Asilimia hizo zimepimwa kwa shahada ya miaka 4. Shahada ndefu zina hesabu yake tofauti, na mshauri wa masomo wa idara ya michezo anapaswa kuijua. Muulize. Akisitasita, nenda juu yake.

"Kukesha ndiko kunakomkomaza msanifu"

Uongo, na katika haya yote huu ndio ninaotamani uzikwe. Katika shule nyingi taa za studio hazizimwi usiku. Mwanafunzi analala chini ya meza, asubuhi anasimama kutetea michoro huku macho mekundu, na wenzake wanayahesabu macho hayo kuwa cheo. Mwaka 2002 chama cha wanafunzi wa usanifu cha Marekani, AIAS, kilitoa ripoti iliyoukabili utamaduni huo waziwazi na kutaka ubadilishwe. Baada yake NAAB ikazitaka shule ziwe na sera ya maandishi kuhusu maisha ya studio. Sera zipo. Desturi inakufa polepole, kwa sababu walimu wengi nao walilelewa nayo.

Kwa mwanamichezo gharama inapimika kwa saa ya mkononi. Mwaka 2011 Cheri Mah na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti juu ya wachezaji 11 wa mpira wa kikapu wa chuo hicho. Kwa wiki 5 hadi 7 wachezaji waliombwa wakae kitandani saa 10 kila usiku. Muda wao wa mbio fupi za uwanjani ulishuka kutoka wastani wa sekunde 16.2 hadi 15.5, na mitupo huru iliyoingia iliongezeka kwa asilimia 9. Kundi ni dogo na mtu asilitegemee kwa kila jambo, lakini mwelekeo wake unaafikiana na kile makocha wanachokiona: aliyelala anakimbia. Aliyelala pia anakumbuka, kwa kuwa ubongo hupanga ulichojifunza mchana wakati mwili umelala.

Basi mwanamichezo afanye nini usiku wa kuamkia siku ya kutetea kazi, ikiwa mazoezi yanaanza saa kumi na mbili asubuhi? Jibu linatakiwa liwe limetolewa wiki sita kabla. Wanafunzi wengi hukesha kwa sababu waliamua wakiwa wamechelewa: wiki ya kumi bado wanabadilisha umbo la jengo, kisha michoro yote inasukumwa kwenye siku tatu za mwisho. Mchezaji hana siku hizo tatu, kwa hiyo wazo lake linalazimika kusimama mapema. Aamue mahali pa jengo, mwelekeo wake na namna linavyosimama kabla theluthi ya kwanza ya muhula haijaisha, kisha alilinde wazo hilo. Hilo ni zuri hata kwa asiyecheza mchezo wowote. Jengo lililokaa kichwani miezi miwili hupata ukuta unaoeleweka na dirisha lenye sababu.

"Usanifu endelevu ni kupachika paneli za sola juu ya paa"

Si kweli, na wanaoamini hivi hukimbilia fani wakidhani watajifunza kununua vifaa. Paneli huja mwisho. Mwanzo ni kulielekeza jengo ili jua la jioni lisipige kwenye vioo, kulipa kivuli, kuipa hewa njia ya kuingia na ya kutokea, kuchagua vitu vya kujengea visivyosafiri mbali wala kuchomwa sana. Kwa makadirio ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, majengo na ujenzi vilihusika mwaka 2021 na karibu asilimia 37 ya hewa ya ukaa itokanayo na nishati na viwanda duniani. Saruji peke yake inakaribia asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa yote inayozalishwa na binadamu. Msanifu anayeupunguza unene wa zege kwa hesabu nzuri anaweza kufanya kazi kubwa kuliko anayeongeza paneli kumi.

Msomaji wa pwani ana mfano karibu yake. Nyumba kongwe za mawe za Unguja na Lamu zina kuta nene za matumbawe, dari za juu, ua wa ndani, na vichochoro ambamo kila nyumba inampa jirani kivuli. Waliozijenga walijua upepo wa kaskazi na wa kusi unakotoka.

Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyepata tuzo ya usanifu ya Pritzker mwaka 2022, alimaliza shule ya msingi ya kijijini kwao Gando mwaka 2001 akiwa bado mwanafunzi kule Berlin. Kuta ni za matofali ya udongo. Dari ina matundu, na paa la bati limeinuliwa juu yake ili hewa moto ipande na kutoka. Mwanafunzi aliyeweza kujenga shule na kusoma wakati mmoja anastahili kutajwa kwenye makala hii kuliko bingwa yeyote. Miaka 20 baadaye, kando ya Ziwa Turkana nchini Kenya, ofisi yake ilisanifu chuo cha Startup Lions, chenye minara mirefu ya kutolea hewa moto iliyochukua wazo kwenye vichuguu vya mchwa wa eneo hilo.

Kigali kuna jengo ambalo kila mwanamichezo anayesomea fani hii alitembelee akipata nafasi. Uwanja wa kriketi wa Gahanga, uliofunguliwa mwaka 2017 na kusanifiwa na Light Earth Designs, una matao matatu yaliyochorwa kwa kufuata mruko wa mpira unaodunda. Vigae vyake vimetengenezwa kwa udongo wa hapohapo, ukachanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine bila kuchomwa tanurini. Vikapangwa kwa tabaka nyembamba hadi tao likajibeba lenyewe, kwa sababu umbo lake linausukuma uzito wote chini hadi kwenye misingi. Chuma kilichotumika ni kidogo sana. Wafanyakazi wa pale walijifunza kazi hiyo wakiifanya, na ujuzi ukabaki mikononi mwao.

Hapa mwanamichezo ana mtaji ambao wenzake darasani hawana. Mtu aliyeketi hutoa joto la takribani wati 100; anayekimbia kwa nguvu anaweza kutoa mara kumi ya hapo. Mwanafunzi wa kawaida anaisoma namba hiyo. Mkimbiaji anaijua kwa jasho: anajua chumba cha kubadilishia nguo kinanukaje kisipopitisha hewa, ukumbi wa mazoezi unavyokuwa saa tisa alasiri, kwa nini kiwanja cha mpira huelekezwa kaskazini na kusini ili kipa asipigane na jua linalozama. Akiuingiza ujuzi huo kwenye michoro, walimu husikiliza.

Ila kuna hatari. Usanifu endelevu unadai kurudiarudia: unajaribu dirisha hili, unapima mwanga na joto kwenye programu, unabadilisha, unapima tena. Muda ukibana, kinachokatwa kwanza ni vipimo hivyo, kwa sababu havionekani ukutani siku ya kutetea kazi. Picha nzuri inabaki, hesabu inaachwa. Mwanafunzi anahitimu akijua kusema "endelevu" bila kujua jengo lake lingekuwa na joto kiasi gani mwezi Februari. Kwa hiyo mchezaji achague kipimo kimoja kwa kila mradi, kwa mfano kivuli tu au hewa tu, akifanye kwa ukamilifu.

"Kocha akikutaka, atakupa nafasi ya kusoma chochote"

Wapo makocha wa namna hiyo. Wapo pia wanaomwelekeza mchezaji polepole kwenye fani zisizogusa alasiri, na kijana aliyetoka mbali hana nguvu ya kubisha. Kwa hiyo maswali yaulizwe kabla ya kusaini, kwa maandishi, na mzazi awepo. Je, timu hii imewahi kuwa na mwanafunzi wa usanifu aliyehitimu? Mazoezi ni asubuhi au alasiri? Studio ikigongana na safari, nani anaamua? Ufadhili ni wa mwaka mmoja unaohuishwa, au wa miaka yote? Ufadhili wa miaka mingi umeruhusiwa tangu 2012, lakini si kila chuo kinautoa.

Halafu angalia chuo chenyewe. Vingi vyenye timu kubwa havina shule ya usanifu iliyothibitishwa. Vilivyo na vyote viwili vinajulikana. Oregon ina uwanja wa Hayward, mahali alipokimbia Edward Cheserek wa Kenya, na ina shule ya usanifu yenye historia ndefu ya kufundisha jua, upepo na mwanga. Arkansas ina timu ya riadha yenye mataji mengi na shule ya Fay Jones inayokazania ujenzi wa mbao. Auburn ina Rural Studio, iliyoanzishwa 1993 na Samuel Mockbee na D. K. Ruth, ambako wanafunzi hujenga nyumba halisi kwa ajili ya watu maskini wa Alabama. Lakini Rural Studio iko Newbern, safari ya saa kadhaa kwa gari kutoka chuoni, na wanafunzi huhamia huko kwa muhula au mwaka mzima. Mchezaji hawezi kuwa Newbern na uwanjani. Sehemu bora ya shule inaweza kuwa ndiyo hiyo ambayo ratiba ya timu inakunyima, sawa na muhula wa nje ya nchi ambao shule nyingi za usanifu huutoa.

"Michezo inafundisha nidhamu, basi mwanamichezo atafaulu studio"

Nusu yake ni kweli. Mchezaji anajua kuamka, kurudia, kukosolewa mbele za watu bila kulia. Anajua pia kufanya kazi na wengine, jambo linalomsaidia sana katika mashindano kama Solar Decathlon, yaliyoanza Marekani mwaka 2002 na kufika Afrika mwaka 2019 kule Ben Guerir, Morocco, ambako timu za vyuo hujenga nyumba zinazotumia nishati ya jua na kupimwa katika vipengele kumi.

Nusu ya pili inawashangaza wengi. Uwanjani kuna mstari wa mwisho, na saa haina upendeleo. Kocha anakuandikia leo ukimbie mara ngapi, kwa kasi gani, upumzike dakika ngapi. Studio haina mstari huo. Hakuna anayekuambia jengo limekamilika. Unaamua mwenyewe, na waamuzi wawili wanaweza kutoa maoni yanayokinzana juu ya mchoro mmoja. Nidhamu ya kutii ratiba haimwandai mtu kwa uhuru wa namna hiyo. Hilo hujifunzwa upya, na anayelijua mapema hatishiki muhula wa kwanza unapomwelemea.

"Mwanamichezo wa kweli hawezi kuwa msanifu wa kweli"

Alfréd Hajós wa Hungaria alikuwa na umri wa miaka 18, mwanafunzi wa usanifu majengo Budapest, alipoingia kwenye maji ya ghuba ya Zea karibu na Athens, Aprili 1896. Baba yake alikuwa amekufa maji kwenye mto Danube, na mtoto akaapa kujifunza kuogelea. Bahari siku hiyo ilikuwa na baridi ya takribani nyuzi 13 na mawimbi makubwa, naye alijipaka mafuta mwili mzima. Alishinda mita 100, kisha mita 1,200, akawa bingwa wa kwanza wa Olimpiki katika kuogelea. Inasimuliwa kwamba aliporudi chuoni, mkuu wake alimwambia medali hazimhusu, anachosubiri ni majibu yake ya mtihani ujao. Ruhusa ya kusafiri yenyewe aliipata kwa shida.

Alihitimu. Mwaka 1924 Paris, wakati Olimpiki bado ilikuwa na mashindano ya sanaa, yeye na Dezső Lauber walipata medali ya fedha kwa mchoro wa uwanja wa michezo. Dhahabu haikutolewa kwa yeyote. Mwaka 1930 ukafunguliwa ukumbi wa kuogelea aliousanifu kwenye kisiwa cha Margit, Budapest, ambao leo unaitwa kwa jina lake.

Wa karibu zaidi ni Curtis Moody, Mmarekani mweusi aliyecheza mpira wa kikapu Chuo Kikuu cha Ohio State na kusomea usanifu hapo. Ofisi aliyoianzisha mwaka 1982, Moody Nolan, ilipata tuzo ya taasisi ya wasanifu wa Marekani ya ofisi bora mwaka 2021.

"Ukihitimu umekuwa msanifu"

Bado. Marekani inadai saa 3,740 za kazi chini ya usimamizi na mitihani 6. Kenya ina BORAQS na Tanzania ina AQRB, na kila bodi ina masharti yake kwa waliosoma nje. Yasome kabla hujachagua shule, maana shahada ambayo haikuthibitishwa itakuchelewesha nyumbani.

"Tatizo hili ni la Marekani. Huku kwetu vyuo havina presha hiyo"

Presha ya makocha wanaolipwa mamilioni hatuna, ni kweli. Lakini mchezaji wa timu ya raga ya Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi, au wa timu ya chuo kinachoshiriki mashindano ya vyuo vya Tanzania (TUSA) au vya Kenya (KUSA), ana alasiri moja kama mwenzake wa Marekani, na anakosa kile kidogo ambacho mwenzake anacho: mshauri wa masomo wa wanamichezo na kanuni iliyoandikwa ya saa. Huku kila kitu ni hisani ya mwalimu. Vyuo vyetu vinavyofundisha usanifu vingeweza kuandika kanuni fupi ya namna mchezaji anavyofidia studio aliyoikosa. Karatasi moja ingetosha, na gharama yake ni kikao kimoja.

"Anayeacha mchezo ameshindwa"

Peter Eisenman alikuwa muogeleaji wa timu ya Chuo Kikuu cha Cornell. Alipohamia usanifu majengo aliiacha nafasi yake kwenye timu ili asome muda wote. Akawa mmoja wa wasanifu waliojadiliwa zaidi katika kizazi chake, na uwanja wa mpira wa Kimarekani alioshiriki kuusanifu kule Glendale, Arizona, uliofunguliwa mwaka 2006, una nyasi halisi zinazosukumwa nzima nzima nje ya jengo zikaote juani.

Kuacha ni uamuzi halali, na mara nyingine ndio uamuzi sahihi. Lakini yupo anayeacha akiwa na akiba ya familia, na yupo ambaye ada yake yote inategemea miguu yake. Ndiyo maana vyuo vya Daraja la Tatu, ambavyo havitoi ufadhili wa michezo, vinastahili kufikiriwa na mwanafunzi mwenye alama nzuri: msaada wa fedha pale haufungwi na timu, na akiacha kukimbia haondolewi darasani. MIT, iliyoanzisha shule ya kwanza ya usanifu Marekani, inacheza daraja hilo.

Aliyeko Daraja la Kwanza na anayefikiria kuacha afuate mpangilio huu. Aende kwanza ofisi ya msaada wa fedha aulize kitakachobaki mwaka ujao. Kisha ofisi ya wanafunzi wa kigeni, aulize kuhusu viza. Kisha mwalimu wa studio, aulize kama anamwona akifika mwaka wa tano. Kwa kocha aende mwisho, akiwa na majibu yote matatu mkononi.